Gari la Fowili Lililolala Miaka: Kabla Hujagusa Ufunguo

Karibu kila mtu anayepata Land Rover au Land Cruiser ya zamani iliyokaa juu ya mawe miaka saba au kumi huanza kwa jambo moja. Anaazima betri nzima, anaifunga, anakaa kwenye usukani na kuzungusha ufunguo. Ninaielewa hamu hiyo. Unataka kusikia kama roho bado imo. Lakini sekunde kumi za stata zinaweza kupinda konrodi (mkono wa chuma unaoshika pistoni), kuvunja ringi za pistoni zilizogandana na silinda, au kuvuta kutu ya tangi zima hadi kwenye kabureta. Nimeona injini zilizovumilia mvua, panya na vumbi la miaka, kisha zikauawa asubuhi moja na mtu aliyezipenda.

Gari linalotembea kila siku huchakaa. Kitu kinasagika au kinalegea, na dalili unaisikia mapema: mlio, mtetemo, nguvu kupungua. Gari lililolala halichakai, linageuka. Petroli inapoteza sehemu zake nyepesi zinazowaka upesi na kuacha masalia yanayonata kama vanishi. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa. Mpira unakauka na kupasuka, au unavimba kwa ndani. Chuma ambacho oili yake imetiririka ikakiacha kikavu kinashika kutu. Nao viumbe wanahamia: panya anajenga kwenye chujio la hewa, nyigu wa matope anaziba kila kitundu anachokipenda. Yote haya hutokea kwa wakati mmoja, kimyakimya, na ndiyo maana kutafuta hitilafu kwenye gari kama hili huwachanganya hata mafundi wazuri. Fundi amezoea kusaka kosa moja. Hapa makosa yamepanga foleni. Ukirekebisha la mbele, la nyuma yake linajitokeza, na asiyelijua hilo hudhani dawa yake ya kwanza haikufanya kazi. Anarudi kufungua kitu alichokwisha kukitengeneza vizuri, na hapo ndipo gari linapoanza kweli kumshinda.

Kwa hiyo kila hatua iwe na swali moja lenye jibu la ndiyo au hapana, na usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja. Ukifunga plagi mpya, koili mpya na pampu mpya siku moja na gari likawaka, hujui kilichokuwa kibovu. Likikataa, hujui kama kipya kimojawapo ndicho kibovu.

Lililala kwa nini?

Swali la kwanza halihitaji spana. Mtafute aliyeliegesha, au anayemkumbuka aliyeliegesha. Magari machache sana huegeshwa yakiwa mazima. Mara nyingi lilikuwa linachemsha, au klachi ilikuwa inateleza, au lilianza kutoa moshi mweupe, mwenyewe akasema nitalishughulikia mwezi ujao. Kosa hilo la zamani bado limo ndani, sasa limefunikwa na mengine kumi. Kama lilikuwa linachemsha, usishangae ukikuta maji kwenye silinda, kwa sababu gaskiti ya silinda hedi (kizibo kati ya injini na kichwa chake) ilikuwa imeungua tangu wakati ule, na maji ya rejeta yamepata miaka ya kudondoka polepole.

Uliza pia liliegeshwaje. Lililofunikwa chini ya paa penye hewa kavu ni gari tofauti kabisa na lililoachwa kwenye majani marefu huku boneti haifungi. Na uliza kama kuna mtu aliyewahi kujaribu kuliwasha katikati ya miaka hiyo. Kama yupo, huenda tayari kuna kilichovunjika.

Je, injini inazunguka kwa mkono?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na nitakaa hapa kidogo.

Injini inapozimwa, baadhi ya valvu hubaki wazi. Silinda yenye valvu iliyo wazi inapumua hewa ya nje kwa miaka yote hiyo, kupitia bomba la moshi au mdomo wa kabureta. Unyevu unaingia, na pale ringi zinapogusana na ukuta wa silinda kunaota mstari mwembamba wa kutu. Silinda nyingine zinaweza kuwa safi kabisa huku moja tu ikiishika injini nzima. Stata ikipigwa kwa nguvu hapo, ama haisogei kabisa, ama inasogea kwa kuvunja ringi.

Fungua plagi zote. Kwenye dizeli fungua plagi za moto au nozeli (vinyunyizio vya dizeli). Ziweke kwa mpangilio, kila moja na namba ya silinda yake, kwa sababu kila plagi ina habari za ndani. Yenye kutu kwenye uzi wake ndiyo inayokuonyesha silinda iliyokuwa ikipumua. Mulika tochi kwenye tundu. Kisha mimina vijiko viwili vya oili nyepesi katika kila silinda na uache hadi kesho yake. Kama unajua tayari kwamba imeshikana, mchanganyiko wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, hupenya vizuri kuliko oili peke yake. Asetoni inawaka upesi, basi fanya kazi hiyo mbali na moto na mahali penye hewa. Uvumilivu hapa hupimwa kwa siku, na kwa injini iliyoshika hasa, kwa wiki.

Sasa chukua spana ndefu, ishike nati ya puli ya krenki (mhimili mkuu wa injini) kwa mbele, weka gia huru, na uvute taratibu upande ambao injini huzungukia. Land Rover nyingi za zamani zina tundu la hendeli mbele, nayo inafaa zaidi kwa sababu mkono unahisi kila kitu. Unachotafuta si kuzunguka tu. Unatafuta namna inavyozunguka. Ugumu ulio sawa mzunguko mzima ni ukavu, na utapungua. Ukifika mahali pamoja ikagonga kitu kigumu kama ukuta, kila mara palepale, simama. Hiyo inaweza kuwa valvu iliyoganda ikiwa wazi, inayogongana na pistoni. Fungua kifuniko cha juu, mwombe mwenzako azungushe polepole, nawe uangalie kila roka, yaani mkono unaosukuma valvu, ikipanda na kushuka. Ambayo mkono wake umelegea huku springi yake imebaki imebanwa, hapo ndipo valvu ilipokwama.

Sababu ya pili ya kuanza bila plagi ni maji. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Kikombe kimoja cha maji kwenye silinda iliyofungwa kwa plagi, stata ikapigwa, kinatosha kupinda konrodi. Plagi zikiwa nje, maji yanaruka kupitia tundu na unapata jibu bila gharama.

Kabla hujaendelea, ujue valvu za injini yako zinaendeshwa kwa cheni, gia au mkanda. Land Rover za petroli za zamani za lita 2.25 zina cheni. Injini ya dizeli ya Toyota 1HZ, iliyofungwa kwenye Land Cruiser nyingi, ina mkanda wa mpira. Mkanda uliozeeka unaweza kuonekana mzuri kwa macho na kukatika ndani ya dakika ya kwanza. Kilomita hazihesabiki hapa, umri ndio unaohesabika. Badilisha kabla ya kuwasha.

Oili kwanza, maji baadaye

Vuta kijiti cha oili, lakini usikiamini. Kinakuonyesha sehemu ya juu tu, wakati maji ni mazito kuliko oili na yamekaa chini kabisa. Legeza nati ya chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) taratibu na uangalie matone ya kwanza. Yakiwa maji meupe au ya kahawia, umejifunza jambo kubwa. Nusa pia. Oili inayonuka petroli mara nyingi maana yake ni kwamba ngozi ya ndani ya pampu ya petroli imepasuka na kuvujisha kwenye sampu, au kabureta ilikuwa inafurika kabla gari halijaegeshwa.

Weka oili mpya ya kawaida na chujio jipya. Usitumie oili ya gharama, maana hii itamwagwa baada ya saa chache za kazi. Plagi zikiwa bado nje, sasa ndipo stata inaruhusiwa: izungushe kwa vipindi vya sekunde kumi hivi, ukipumzika katikati, mpaka taa ya oili izime au mshale wa geji upande. Bila mgandamizo injini inazunguka kwa wepesi, beringi zinapata oili kabla hazijabeba mzigo wowote, na betri haiteseki.

Rejeta ijaze maji safi tu kwa majaribio, kisha tafuta unyevu kwenye pampu ya maji, kwenye mabomba ya mpira na kwenye vizibo vya chuma vilivyo ubavuni mwa injini. Vizibo hivyo huliwa na kutu kutoka ndani, na kilichokuwa kinazuia maji kinaweza kuwa rangi tu.

Umeme: mara nyingi ni eathi

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takribani 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Lakini namba ya kupumzika haitoshi. Weka mita kwenye betri mtu akipiga stata, ikishuka chini ya 9.6 hivi betri haina nguvu hata kama asubuhi ilisoma vizuri. Betri iliyolala miaka bila chaji karibu kila mara imekufa. Azima nzima na usipoteze muda. Kumbuka tu kuwa baadhi ya magari ya dizeli ya zamani ni ya volti 24, yenye betri mbili zilizofuatana.

Stata ikizunguka kwa uvivu huku betri ni nzima, usikimbilie kuishusha. Weka waya mmoja wa mita kwenye nguzo hasi ya betri, mwingine kwenye chuma tupu cha injini, kisha stata ipigwe. Mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani, kwenye eathi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari) iliyoota kutu. Rudia kipimo hicho kati ya nguzo chanya na nati ya stata. Dakika mbili za kipimo hiki zimeokoa stata nyingi zilizokuwa hazina kosa.

Land Rover ina ugonjwa wake hapa. Mwili wake ni wa aluminiamu na chesisi ni ya chuma, na metali hizi mbili zikigusana penye unyevu hulana. Taa nyingi hupata eathi kupitia mwili huohuo. Ndiyo maana unawasha indiketa na taa ya breki inawaka, au unakanyaga breki na taa za nyuma zinafifia. Mtu anafungua swichi zote kutafuta fumbo, kumbe ni skrubu moja ya eathi inayohitaji kusuguliwa hadi ing'ae.

Kwa injini ya petroli, cheche ndiyo swali linalofuata. Funga plagi kwenye waya wake, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na mvuke wa petroli, piga stata. Cheche ya bluu inayosikika ikigonga ni nzuri. Ya njano na nyembamba ni dhaifu. Kama hakuna kabisa, fungua kifuniko cha distribyuta kabla ya kununua chochote. Pointi zilizomo, yaani vigusio vinavyokata na kuunganisha umeme wa koili, zikilala hufunikwa na utando usioonekana kwa macho, mwembamba kuliko vumbi, unaotosha kuzuia volti 12. Zifungue kwa kidole, pitisha kipande cha kadi ngumu kilicholowanishwa kidogo kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, vuta mara tatu nne mpaka kadi itoke bila mstari mweusi. Pima nafasi, kwa nyingi ni kama milimita 0.4, ila kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Nimefanya hivi mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na bado nafurahi kila cheche inaporudi kwa kipande cha kadi.

Petroli ya zamani si petroli tena

Inusa. Petroli nzuri inauma puani, iliyooza inanuka kama rangi ya zamani. Iliyochanganywa na ethanoli ni mbaya zaidi, maana ethanoli huvuta maji, na yakizidi hujitenga na kukaa chini ya tangi, pale hasa bomba linapovutia. Usiongezee petroli mpya juu yake ukitumaini itachanganyika ikafaa. Mwaga yote, na kama inawezekana shusha tangi uchungulie ndani.

Lakini huhitaji tangi kujua kama injini itawaka. Plagi zimerudi, cheche ipo. Mimina kijiko kimoja cha petroli safi kwenye mdomo wa kabureta, ondoa kopo na petroli mbali, rudisha chujio la hewa ili mwako wa nyuma usikurukie usoni, kaa na kizima moto karibu, kisha piga stata. Ikiwaka sekunde tatu na kuzima, umepata jibu lenye thamani kubwa: mgandamizo upo, cheche ipo, muda wake uko karibu na sawa. Kilichobaki ni njia ya petroli tu. Isipowaka hata kukohoa, usiguse kabureta. Rudi kwenye cheche na mpangilio wa nyaya za plagi.

Pampu ya petroli ya kusukumwa na injini ipime kwa kuchomoa bomba linaloelekea kabureta na kuliingiza kwenye chupa, petroli itoke kwa mapigo. Kabureta yenyewe ina magonjwa mawili makuu baada ya kulala. Vitundu vyake vimezibwa na ile vanishi, au sindano ya boya, inayofungua na kufunga petroli inayoingia, imekwama. Ikikwama imefunga, kabureta inakauka. Ikikwama wazi, petroli inamwagika juu ya injini ya moto. Kwa hiyo mara ya kwanza kuwasha, mtu mmoja asiondoe macho kwenye kabureta, na mabomba yote ya mpira ya petroli yawe mapya. Hakuna sehemu ya gari hili ninayoiogopa kuliko hiyo.

Dizeli ina njia yake

Dizeli hukaa muda mrefu kuliko petroli kabla ya kuharibika, lakini ina adui wa peke yake: uhai. Panapokutana maji na dizeli chini ya tangi huota bakteria na kuvu, wakaacha ute mweusi unaoziba chujio ndani ya kilomita chache. Ukiona chujio jipya limekuwa jeusi na lenye utelezi, tatizo liko kwenye tangi, na hata ukifunga chujio la tano halitabadilisha kitu.

Baada ya kusafisha, toa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye njia ya dizeli. Anzia pampu ya mkono, legeza skrubu ya juu ya chujio mpaka dizeli itoke bila povu, ifunge, nenda kwenye pampu ya nozeli, mwisho kwenye nati za mabomba ya nozeli huku stata ikipigwa. Vidole viwe mbali na mahali pale. Shinikizo la nozeli ni zaidi ya mara 100 ya shinikizo la hewa tunayoipumua, na mchirizi mwembamba kama uzi unaweza kupenya ngozi ya mkono. Jeraha la namna hiyo linaonekana dogo na linahitaji daktari saa ileile.

Kama pampu yako ina swichi ya umeme ya kuzimia, ufunguo ukiwashwa usikie mlio wake mdogo. Usiposikia, dizeli haipiti hata ukitoa upepo siku nzima. Usipulize dawa ya kuwashia yenye etha kwenye injini yenye plagi za moto, itawaka kabla ya wakati wake na kupasua pistoni. Na weka kipande cha ubao kinachotosha kufunika mdomo wa hewa. Ndani ya pampu iliyolala, kinachopima dizeli kinaweza kuwa kimekwama kikiwa wazi kabisa, injini ikapaa bila kusikiliza ufunguo. Ubao unaikata pumzi. Mkono hautumiki kwa kazi hiyo.

Inawaka vizuri, kisha inakufa baada ya dakika kumi

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na hapa ndipo ile foleni niliyoitaja inaonekana waziwazi. Gari limewaka, linanguruma, watu wamepiga makofi. Dakika kumi baadaye linazima. Unasubiri robo saa, linawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Dakika kumi, linazima.

Makosa matatu yanaleta dalili hii moja. Koili ya zamani inaweza kufanya kazi ikiwa baridi na kukata cheche ikipata moto. Vipande vya kutu ndani ya tangi vinaweza kuvutwa hadi kwenye mdomo wa bomba, vikauziba, kisha injini ikizima vinaanguka chini na njia kufunguka. Na kitundu cha tangi cha kupumulia kinaweza kuwa kimeziba, kwa hiyo petroli inapotoka hewa haiingii, tangi linajivuta, mwishowe pampu haina nguvu ya kushindana nalo.

Ukisubiri lipoe kabla ya kuchunguza, ushahidi wote unapotea. Uchunguzi ufanyike ndani ya dakika ya kwanza baada ya kuzima. Nilikuwa na gari lililonisumbua hivi siku mbili nzima, nikabadilisha koili, halafu pampu. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama kando ya tangi. Injini ilipokufa nilizungusha kifuniko cha tangi, nacho kikavuta hewa kwa sauti ndefu, *fyuuu*, na ubavu wa tangi ukagonga ukirudi mahali pake. Nikapiga stata palepale, likawaka. Nilifuata kibomba chembamba cha kupumulia mpaka nyuma ya chesisi na kukuta mwisho wake umezibwa na tope la nyigu, gumu kama saruji. Waya mwembamba ulilimaliza.

Kwa hiyo likizima, fungua kifuniko cha tangi kwanza na usikilize. Likiwaka mara moja, umemaliza. Kama hakuna sauti, pima cheche hapohapo, koili ikiwa bado ya moto. Kama cheche ni nzuri, chomoa bomba la petroli kwenye pampu na upulizie kuelekea tangi, kifuniko kikiwa wazi. Ukisikia mapovu baada ya kizuizi kuachia ghafla, ni kutu.

Angalia moshi pia gari likikaa linawaka. Wa bluu ni oili, na baada ya kulala si lazima uhuzunike, kwani ringi zilizoganda mara nyingi hulegea baada ya saa kadhaa za kazi. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto kwenye gari la petroli ni maji. Kipimo cha mgandamizo kifanye baada ya ringi kupata nafasi hiyo, na linganisha silinda kwa silinda. Iliyo chini ya wenzake itilie kijiko cha oili na upime tena: ikipanda, ringi ndizo zinazovujisha, isipopanda tazama valvu.

Kuwaka si kutembea

Klachi inaweza kuwa imegandana na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) kwa kutu, ukikanyaga hakuna kinachoachana. Linda uso wa pleti: pasha injini moto kwanza, inua magurudumu yote kwa stendi imara, washa likiwa kwenye gia, kanyaga klachi na uguse breki kwa vipindi vifupi. Mara nyingi inaachia kwa mlio mmoja.

Mafuta ya breki yamwage yote. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, ila ikishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140, na mteremko mrefu hufika huko. Silinda za magurudumu zifungue hata kama hazivuji. Pedali inayoonekana ngumu leo inaweza kuzama hadi sakafuni kesho, maana sili imeanza kupita kwenye kutu ambako haijawahi kufika.

Kwenye gari la fowili kuna mambo ambayo gari dogo halina. Difu mbili, transfa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma), na nyingine zina mipira mikubwa ya chuma ya usukani kwenye ekseli ya mbele, kila moja na oili au grisi yake. Difu iliyowahi kuvuka mto ikiwa ya moto hunyonya maji kupitia sili na kipumulio kilichoziba. Ikiisha kulala miaka, maji hayo yamechora meno ya gia. Legeza nati ya chini kwanza na usubiri: yanayotoka mwanzo ndiyo majibu. Unapojaza giaboksi ya zamani soma inataka oili ya daraja gani, GL-4 au GL-5, kwa sababu dawa zilizomo kwenye baadhi ya oili za GL-5 zinaweza kushambulia sehemu za shaba za ndani. Wenzo wa fowili uliokwama usiuvute kwa hasira. Mara nyingi ni viungio vyake vya nje tu, chini ya sakafu, vinavyohitaji oili na siku mbili.

Chesisi igonge kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, hasa ndani ya mwamba wa nyuma (chuma kinachokatiza chesisi) na pale springi zinapofungwa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti butu. Matairi yasome: baada ya 2000, tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2312 ni wiki ya 23 ya 2012. Tairi la umri huo halifai kuingia barabarani hata kama meno yake yote yapo.

Na kama rimu zako ni zile za vipande, zenye ringi ya chuma inayofungia tairi, usizijaze upepo kwa mkono wako. Ringi iliyoliwa na kutu hutoka kwa nguvu ya kuua. Mpelekee fundi wa matairi mwenye kizimba cha chuma cha kujazia.

Safari ya kwanza iwe fupi, taratibu, na spana kwenye gari. Baada ya kilomita chache simama bila kukanyaga breki kwa nguvu, sogeza kiganja karibu na kila habu (kitovu cha gurudumu). Moja ikiwa ya moto sana kuliko wenzake, inua gurudumu hilo na ulegeze kinipo cha kutolea upepo wa breki. Likiachia na kuzunguka, mpira wa breki (bomba lake laini) umevimba ndani, unaruhusu mafuta kwenda na kuyakataza kurudi. Kwa nje utauona mzima kabisa.

Mwaga ile oili ya majaribio. Kata chujio la petroli la kwanza uone kilichomo, funga jingine, tembea, likate nalo. Kutu ya tangi hutoka kwa awamu. Chujio likitoka safi baada ya njia ya mashimo iliyolitikisa tangi kisawasawa, ndipo ninapoanza kulipeleka gari mahali ambapo nikikwama sitarudi kwa miguu.